Kijiko na Mshumaa

Figo ni viungo vinyamavu. Jino likioza huuma, tumbo likichafuka hulalamika, lakini figo zaweza kuharibika miaka mingi na mwenye nazo asihisi maumivu yoyote. Wale waliotaka kuutambua ugonjwa huu mapema iliwabidi wachunguze kitu ambacho watu huona haya kukitaja, yaani mkojo.

Wayunani wa kale walianza. Katika maandishi yanayonasibishwa na Hippocrates imeelezwa kuwa mapovu yanayokaa juu ya mkojo ni ishara ya maradhi ya figo yatakayodumu. Sababu yake hawakuijua. Mwaka 1764 Domenico Cotugno, tabibu wa Naples, alieleza habari za askari aliyevimba mwili mzima kwa maji. Mkojo wake ulipopashwa moto uliganda mweupe kama ute wa yai.

Aliyeyaunganisha mambo haya ni Mwingereza, Richard Bright, aliyezaliwa mwaka 1789, na kazi yake ilikuwa katika hospitali ya Guy's, London. Bright alitia mkojo wa mgonjwa katika kijiko akakishika juu ya mwali wa mshumaa. Kama ulikuwa na protini, uliganda. Njia hii yaweza kumchekesha kijana wa leo, lakini haikuhitaji mali wala mtambo, na tabibu yeyote aliweza kuifanya kando ya kitanda. Hadhari moja tu ilihitajika: chumvi fulani za mkojo nazo huwa nyeupe zikipata moto, ila tone la asidi huziyeyusha, na protini hubaki.

Wagonjwa wake walipokufa, Bright aliwapasua akazikuta figo zimeharibika, nyingine zimesinyaa na kuwa ngumu. Alichapisha habari hizo mwaka 1827. Mwaka 1836 alieleza jinsi ugonjwa unavyoanza: mtu huamka asubuhi uso umevimba, au vifundo vya miguu, au mikono. Mwaka 1842 alipewa wodi mbili kwa ajili ya wagonjwa wa namna hii pekee.

Hata hivyo, dawa hakuwa nayo. Aliwatoa damu na kuwaharisha, kama walivyofanya matabibu wa siku zake, na wengi walikufa. Nadhani ni jambo zito kwa mganga kuijua ishara ya mauti kabla ya kuijua tiba yake. Bright alifariki mwaka 1858. Ilipita zaidi ya miaka themanini hata Willem Kolff, katika Uholanzi iliyokuwa imetekwa na Wajerumani, alipounda figo ya mashine mwaka 1943 kwa mirija ya kufungia soseji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Mwaka 1945 mwanamke mmoja wa miaka 67 alipona.

Siku hizi dalili iliyogunduliwa mapema ina faida, kwa maana kutuliza shinikizo la damu na kisukari huweza kuchelewesha uharibifu. Povu lisilokwisha, damu katika mkojo, uvimbe wa macho asubuhi au wa miguu, kuamka mara nyingi usiku kukojoa: haya yampeleke mtu hospitali. Na mwenye kisukari asingoje hata hayo, bali apimwe angali mzima. Kijiko kimestaafu. Katika kliniki ya mama wajawazito muuguzi huchovya ukanda mwembamba katika mkojo, naye hutazama kama rangi ya manjano inageuka kuwa kijani.