Siwa na Sauti Iliyomo Ndani ya Pembe

Aprili 1498, meli za Vasco da Gama zikiwa zimetia nanga Malindi, mfalme wa mji alikwenda kuwalaki wageni kwa chombo, ameketi chini ya mwavuli wa satini nyekundu. Mreno mmoja wa msafara ule aliandika kwamba palikuwa na wapiga tarumbeta wengi, na pamoja nao pembe mbili za ndovu zenye nakshi, kila moja na kimo cha mtu, zilizopulizwa kwenye tundu la ubavuni. Akaongeza kuwa zilipatana vizuri na zile tarumbeta.

Pembe za aina hiyo ndizo siwa. Mashuhuri zaidi ni mbili, ya pembe ya ndovu kutoka Pate na ya shaba ya Lamu, na zote zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu. Ile ya Pate inapita mita 2.

Siwa haina matundu ya vidole kama zumari. Mpulizaji hubana midomo na kuitetemesha, na hewa iliyomo ndani hupokea mtetemo huo. Wimbi la sauti likifika kwenye kinywa kipana cha pembe halitoki lote. Sehemu yake hurudi ndani. Likirejea midomoni wakati ule ule midomo inapofunguka tena, mtetemo hupata nguvu. Likichelewa au likiwahi, hufifia. Ndiyo maana pembe hukubali sauti chache tu, na mpulizaji hubadilisha mkazo wa midomo kuruka kutoka moja hadi nyingine. Kati ya sauti mbili hizo hapati kitu cha maana.

Tuchukue pembe yenye umbo la pia na urefu wa mita 1.7. Katika joto la pwani sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde, na wimbi la sauti ya chini kabisa huwa na urefu maradufu ya pembe. Hesabu inatoa mitetemo kama 100 kwa sekunde, sawa na sauti nzito ya mwanamume anayezungumza, kisha 200, kisha 300. Hii ni hesabu ya mkato: tundu likiwa ubavuni, sehemu inayofanya kazi hasa ni ile ya kutoka tunduni hadi kinywani, kwa hiyo sauti hupanda.

Ulaya nako suala hili la sauti ndani ya bomba lilichukua muda kufafanuliwa. Marin Mersenne, katika kitabu chake cha 1636, alionyesha kuwa urefu pekee hautoshi, kwani upana wa bomba nao hubadilisha sauti. Daniel Bernoulli akaeleza mwaka 1762 jinsi mawimbi yanavyojipanga ndani ya mabomba ya kinanda cha kanisani. Mwaka 1866 August Kundt aliyafanya yaonekane kwa macho: alitia unga mwepesi ndani ya bomba la kioo, akalitia mtetemo wa sauti, na unga ukajikusanya kwa vichuguu vidogo mahali ambapo hewa ilitulia.

Kwangu mimi, neno la yule Mreno kuhusu mapatano ndilo zito kuliko yote. Pembe mbili zisizo na matundu ya vidole haziwezi kurekebishwa katikati ya ngoma. Kama kweli zilipatana, basi kuna fundi aliyezilinganisha kabla, kwa sikio na kwa kisu. Au mgeni alikuwa anamsifu mwenyeji wake, nalo linawezekana.

Kuhusu siwa za Pate na Lamu, watu hupenda kusema pembe ya ndovu hutoa sauti laini na shaba kali. Fizikia haiungi mkono sana dai hilo. Kuta zikiwa nene na ngumu, malighafi yake huchangia kidogo mno; linaloamua ni umbo la uwazi wa ndani, mahali pa tundu na midomo ya mpulizaji. Tofauti kubwa ya ndovu na shaba ilikuwa machoni pa watu, na kwa chombo cha enzi hilo si jambo dogo.