Ifahamu Spartacus: Tamthilia ambayo steringi anakufa, na watumwa wa kweli walioitikisa Roma

Kwenye mabanda ya video kuna sheria moja inayojulikana na kila mtu: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa, atavuja damu, ila muvi ikiisha atakuwa amesimama. Tamthilia ya Spartacus iliivunja sheria hiyo, na haikuwa na namna. Steringi wake alikuwa mtu wa kweli, na alikufa vitani mwaka 71 kabla ya Kristo (KK).

Kama uliiona vipande vipande kwenye flashi ya rafiki, au kwenye banda la senta kama Nyamuswa kule Bunda huku DJ akitafsiri, haya ndiyo ya kufahamu.

Ilianza lini, ina misimu mingapi?

Spartacus ilianza kuonyeshwa Januari 22, 2010 kwenye chaneli ya Starz ya Marekani. Aliyeibuni ni Steven S. DeKnight, na ilirekodiwa New Zealand. Imegawanyika hivi:

- Blood and Sand (2010), episodi 13
- Gods of the Arena (2011), episodi 6
- Vengeance (2012), episodi 10
- War of the Damned (2013), episodi 10

Jumla ni episodi 39. Usichanganyikiwe: Gods of the Arena ilitoka ya pili, lakini inasimulia mambo yaliyotokea kabla Spartacus hajafika. Hata hivyo ni vizuri uanze na Blood and Sand, maana hiyo nyingine inakufichulia mengi mapema.

Desemba 2025 Starz walileta mwendelezo mpya, House of Ashur. Huo unauliza swali moja: ingekuwaje kama yule msaliti Ashur asingekufa?

Tahadhari: ina damu nyingi, matusi na picha za ngono. Imetengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Sio ya kuweka sebuleni watoto au wakwe wakiwepo.

Stori yenyewe kwa ufupi

Jamaa ni askari kutoka Thrace, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo iko Bulgaria. Anasalitiwa na kamanda wa Kirumi, Glaber, anatenganishwa na mkewe Sura, kisha anauzwa kwenye mji wa Capua kuwa gladieta, yaani mtumwa anayepiganishwa ili watu wafurahi.

Bosi wake ni Batiatus (John Hannah). Mke wa bosi, Lucretia, ameigizwa na Lucy Lawless, yuleyule wa Xena. Mwalimu wa mapigano, Oenomaus, ni Peter Mensah, mzaliwa wa Ghana. Crixus (Manu Bennett) anaanza kama adui, baadaye anakuwa ndugu wa vita.

Msimu wa kwanza unaisha kwa watumwa kuwageuzia kibao mabosi wao na kutoroka.

Kwa nini steringi alibadilika?

Spartacus wa kwanza aliigizwa na Andy Whitfield. Machi 2010 madaktari walimkuta na saratani ya mfumo wa limfu. Watengenezaji wakasimamisha msimu uliokuwa unafuata ili wamsubiri apone, na katikati ya kusubiri wakarekodi Gods of the Arena, ambayo haikumhitaji sana.

Ugonjwa ulirudi. Whitfield alifariki Sydney, Australia, Septemba 11, 2011 akiwa na miaka 39. Nafasi yake ilichukuliwa na Liam McIntyre, ambaye ndiye unayemuona Vengeance na War of the Damned.

Kipi ni kweli, kipi kimetungwa?

Mifupa ya stori ni kweli. Mwaka 73 KK magladieta wapatao 70 walitoroka Capua kwenye shule ya Batiatus wakiwa na visu na vifaa vya jikoni. Walijificha mlima Vesuvius. Glaber alipowazingira, walisuka ngazi kwa mizabibu ya mwituni, wakashuka upande usiolindwa na kuwapiga askari wake.

Watumwa wa mashambani na wachungaji wakawafuata. Mwandishi wa kale Appian anasema jeshi lao lilifika watu 120,000.

Crixus, Oenomaus na Gannicus nao walikuwepo kweli. Crixus aliuawa mwaka 72 KK. Aliyetumwa kuwamaliza ni tajiri Crassus, ambaye aliwaadhibu askari wake waliokimbia vita kwa kuua mmoja katika kila kumi.

Spartacus aliuawa mwaka 71 KK na maiti yake haikupatikana. Mateka 6,000 walisulubiwa kandokando ya barabara ya Appia, kuanzia Capua mpaka Roma.

Yaliyotungwa nayo yapo kibao. Mke wa Spartacus anatajwa kwenye historia, ila jina lake halimo. "Sura" ni la waandishi wa tamthilia. Lucretia naye katungwa. Hata Julius Caesar, anayeonekana msimu wa mwisho akipigana upande wa Crassus, hakuna kumbukumbu inayosema alishiriki vita ile.

Caesar huyo si mgeni mkoani Mara. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare inayomhusu, na tafsiri hiyo ikachapishwa mwaka 1963. Caesar aliandika vitabu, akaandikwa na wengine, mpaka akafika Butiama kwa Kiswahili. Spartacus hakuacha hata neno moja. Maelezo marefu zaidi tuliyonayo juu yake, ya Plutarch na Appian, yaliandikwa zaidi ya miaka 150 baada ya kifo chake, na waandishi waliokuwa raia wa dola ileile iliyomuua.

Ndiyo maana hadi leo hakuna mwenye uhakika alitaka nini hasa: kurudi kwao, kuiangusha Roma, au kuishi tu bila bosi.

Wazanji: vita ndefu kuliko ya Spartacus

Vita ya Spartacus ilidumu takriban miaka miwili. Kuna uasi mwingine wa watumwa uliodumu miaka 14, na jina lake linatugusa moja kwa moja: uasi wa Wazanji, kusini mwa Iraq, mwaka 869 hadi 883.

Zanj ni jina ambalo Waarabu waliwaita watu weusi wa pwani ya Afrika Mashariki, na ndilo lililomo ndani ya jina Zanzibar. Wanahistoria wanabishana ni wangapi kati ya waasi walitoka huku kwetu, kwa sababu ndani yake walikuwemo pia watu wa makabila mengine.

Kazi yao ilikuwa kukwangua tabaka la chumvi kwenye mabwawa ya karibu na Basra ili ardhi ilimike. Kiongozi wao, Ali bin Muhammad, yeye hakuwa mtumwa. Waliiteka Basra mwaka 871 na kujenga mji wao, al-Mukhtara. Mwaka 883 jeshi la al-Muwaffaq, ndugu wa khalifa, liliuteka mji huo na Ali akauawa.

Simulizi kubwa ya vita hiyo iliachwa na mwanahistoria al-Tabari, aliyekuwa Baghdad upande wa khalifa. Kwenye maandishi yake Ali anaitwa muovu na adui wa Mungu. Wale waliokuwa wanakwangua chumvi, kama Spartacus, hawakuacha maandishi yao.

Na utumwa sio mambo ya Roma na Basra ya kale tu. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Tanganyika, sheria ya kuukomesha kabisa utumwa ilipitishwa mwaka 1922, miaka 39 tu kabla ya Uhuru. Waliozaliwa watumwa hapa nchini waliishi kwenye karne ileile tuliyozaliwa wengi wetu. Kama nyumbani kwenu bado yupo mzee anayekumbuka masimulizi hayo, muulize akiwa bado anaweza kuyasema.