Bwana na Bibi Baker Njiani

Vitabu vya historia tulivyofundishia miaka mingi vilimpa Samuel Baker mstari mmoja tu: Mwingereza aliyegundua Ziwa Albert mwaka 1864. Mwanafunzi aliukariri, akauandika katika mtihani, akapata alama yake. Mstari huo una kasoro mbili. Ya kwanza inajulikana: ziwa lilikuwa na wenyewe. Wanyoro waliliita Mwitanzige, yaani muuaji wa nzige (na nzige hao ndio hawa hawa wetu), na chumvi ya Kibiro, ufukweni mwake, ilikuwa ikichemshwa na kuuzwa tangu zamani. Kasoro ya pili ndiyo inayonishughulisha hapa. Baker hakuwa peke yake, wala hakuondoka kwao kwa ajili ya ziwa hilo.

Aliondoka Cairo tarehe 15 Aprili 1861 pamoja na Florence, msichana yatima kutoka Transylvania. Walikutana mwaka 1859 katika mji wa Vidin, kando ya mto Danube, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Waturuki. Walikutana mnadani, na Florence alikuwa miongoni mwa watu waliokuwa wakiuzwa. Jambo hilo Baker hakuliandika katika vitabu vyake, ingawa aliilaani biashara ya watumwa kwa kurasa nyingi. Tangu hapo hawakuachana.

Nia yao ilikuwa kupanda mto Nile hadi chanzo chake, na kuwatafuta njiani Speke na Grant, waliokuwa wameingia bara kutoka Zanzibar mwaka 1860. Baada ya mwaka mzima katika mito ya mpakani mwa Uhabeshi, wakijifunza Kiarabu, waliondoka Khartoum Desemba 1862 na mashua tatu, watu 96 na wanyama wa mizigo 29. Walifika Gondokoro mwanzoni mwa Februari 1863. Tarehe 15 ya mwezi huo huo, Speke na Grant wakatokea kwa miguu, wamechoka, nguo zimechakaa, na habari kwamba kazi imekwisha: chanzo wamekiona.

Hebu msomaji afikirie hali hiyo. Karibu miaka miwili ya safari, fedha zako mwenyewe, na uliyemfuata anakuja kukuambia hakuna tena cha kutafuta. Baker alikiri kwamba alisononeka. Lakini Speke alimweleza kuwa kuna ziwa jingine upande wa magharibi, ambalo hakuweza kulifikia, akampa na ramani. Wageni wakapewa mashua za Baker kwenda Khartoum. Wenyeji wao wakabaki na mpango mpya, usio na mashua.

Nilipomsomea mke wangu habari hizi aliuliza swali ambalo miaka yote hakuna mwanachuo aliyeniuliza: "Na huyo mama naye aliulizwa?" Nikarudi kitabuni kutafuta. Jibu limo, tena kwa kalamu ya mume mwenyewe.

Kule Gondokoro askari wao waliasi. Baker alikuwa tayari kupiga risasi, na bila shaka angeuawa. Florence, mgonjwa wa homa, alitoka mbio, akawaita wale waliokuwa na ukaidi mdogo, kisha akamsihi mumewe amsamehe kiongozi wao akiomba radhi. Mambo yakatulia. Siku chache baadaye, wafanyabiashara wa pembe za ndovu wakakataa kuongozana nao. Bwana na bibi wakakata shauri kuuwahi msafara huo kwenye njia nyembamba ya Ellyria, kabla mkuu wake, Ibrahim, hajawachochea wenyeji dhidi yao. Hawakufua dafu. Waliketi chini ya mti, Ibrahim akapita bila salamu. Baker, kwa kiburi chake, naye akanyamaza. Florence ndiye aliyemsihi amwite. Akaitwa, wakazungumza, akapewa bunduki na dhahabu kidogo, na kuanzia siku ile safari ikawezekana. Wanaume wawili wenye silaha walikuwa tayari kuharibu kila kitu kwa sababu ya salamu.

Walichotarajia kukifanya haraka kikavutwa na mvua. Huko Obbo walikwama miezi kadhaa. Farasi, punda na ngamia wakafa, wakajifunza kupanda ng'ombe. Kwinini ikawaishia. Sisi tuliosafiri wawili katika mabasi ya masika tunaifahamu sehemu ndogo ya maisha hayo: siku ya kwanza mnahesabu saa, siku ya tatu mnatafuta kuni na kuulizana nani ana sindano na uzi. Florence alishona nguo, alitunza ghala la chakula, alichana nywele zake ndefu mbele ya umati. Waacholi walimwita Anyadwe, binti wa mwezi.

Bunyoro, mtu waliyeonyeshwa kuwa ni Mfalme Kamurasi, na ambaye baadaye iligunduliwa kuwa ni ndugu yake, alimtaka Baker amwachie mkewe. Baker alichomoa bastola. Florence alisimama akamkemea mtu huyo kwa Kiarabu, na mkalimani akatafsiri. Wakati wa kuvuka mto Kafu alianguka kwa jua kali. Alibebwa siku kadhaa bila fahamu, na sururu ya kuchimbia kaburi ilikwisha kuandaliwa. Akafumbua macho. Tarehe 14 Machi 1864 waliliona ziwa, wote wawili.

Vitabu huishia hapo, kumbe ilibaki zaidi ya mwaka kabla ya kurudi Khartoum, Mei 1865. Katika muda huo kulikuwa na wiki nyingi za kulala na homa, wakila ugali wa unga ulioota ukungu na mboga za porini, wakizungumza juu ya chakula cha kwao.

Walifunga ndoa London Novemba 1865. Malkia Victoria alimtunuku Baker cheo, lakini alikataa kumpokea mkewe. Walirudi tena Afrika kati ya 1869 na 1873, safari hii na jeshi la Misri, na vita vya Masindi vya mwaka 1872 viliwaachia Wanyoro kumbukumbu chungu ambayo sitaipaka asali.

Januari 1884 Jenerali Gordon aliwatembelea nyumbani kwao Devon, akimshawishi Baker arejee Sudan. Mzee alitamani. Florence alimkumbusha ahadi yake, kwamba hatakwenda huko bila yeye, kisha akasema yeye hendi. Gordon aliondoka, akauawa Khartoum mwaka uliofuata. Baker alibaki nyumbani, akafa kitandani mwake mwaka 1893.