Dand, Pushapu ya Wanamieleka wa India

Katika akhara, kiwanja cha jadi cha mieleka nchini India, mwili hujengwa kwa mazoezi mawili makuu: baithak, ya kuchuchumaa na kusimama, na dand, jamaa wa karibu wa pushapu. Anayepiga dand huanza viganja na nyayo zikiwa chini, makalio juu. Hushuka akitanguliza kichwa, kifua kikapita karibu na udongo mithili ya mtu anayejipenyeza chini ya uzio, kisha huinuka mbele akiwa ameupinda mgongo, ndipo arudi alikoanzia. Kwa sababu hiyo mzigo huhamahama: mabega hubeba zaidi mwanzoni, kisha kifua na misuli ya nyuma ya mikono huupokea.

Desturi yenyewe ni kongwe. Manasollasa, kitabu cha Kisanskriti cha karne ya 12 kinachohusishwa na Mfalme Someshvara wa Tatu wa Wachalukya, kinaeleza jinsi wanamieleka wa ikulu walivyotunzwa na kufundishwa. Hadi enzi za Waingereza watawala wa kienyeji waliendelea kuwalisha wanamieleka maziwa, samli na lozi. Dand mamia kwa siku hazipigwi na mtu anayeshindia mkate mkavu. Mwalimu, guru kwa Wahindu na ustad kwa Waislamu, ndiye aliyepanga idadi.

Aliyeitangaza zaidi dand ni mwanamieleka Gama, aliyezaliwa 1878 na kutunzwa katika jumba la mtawala wa Datia. Mwaka 1910 alikwenda London, akamshinda Mmarekani Benjamin Roller, kisha akakabana na Stanislaus Zbyszko kwa zaidi ya saa mbili na nusu bila mshindi. Siku ya marudio Zbyszko hakutokea. Walipokutana tena Patiala mwaka 1928, Gama alimwangusha kabla ya dakika moja kwisha. Inasimuliwa kwamba alipiga dand elfu tatu kila siku, ingawa hesabu za mashabiki hupenda kunenepa.

Upimaji wa kazi ya misuli katika mazoezi kama haya ulikuja baadaye sana. Elektromaiografia, inayonasa umeme wa msuli unaojikaza, ilitumiwa kuchunguza bega katika utafiti maarufu wa Inman na wenzake mwaka 1944. Kuhusu pushapu, utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba viganja vikikaribiana, kifua na misuli ya nyuma ya mikono huamka zaidi kuliko vikitanuliwa. Wengi waliamini kinyume chake kuhusu kifua. Mwaka 2011 watafiti wengine walipima uzito unaokaa mikononi: takriban asilimia 64 ya uzito wa mwili katika pushapu ya kawaida, 49 kwa anayepiga magoti, 74 miguu ikiinuliwa sentimita 60, na 41 tu mikono ikiinuliwa kiasi hichohicho. Hata hivyo, umeme mwingi si ushahidi kwamba msuli utakua zaidi.

Nafuu ya vipimo hivyo imeonekana hasa kwa matabibu wa viungo. Msuli wa ubavuni unaolishikilia kombe la bega ukilegea, mgonjwa huanza kupiga pushapu ukutani: akishanyoosha mikono, husukuma tena kidogo ili mgongo wa juu utune. Akipata nguvu hushushwa mezani, kisha sakafuni.