Mtoto kamaliza la saba? Riwaya 7 za Kiswahili za kumpa kabla shule hazijafunguliwa

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza kinaanza Januari. Hapo katikati mtoto yupo nyumbani miezi mitatu na zaidi, bila mwalimu na mara nyingi bila kitabu.

Kwa mzazi wa Segera, pale njia panda ambapo barabara ya Chalinze inagawanyika, moja ikienda Muheza na Tanga, nyingine Korogwe, Moshi na Arusha, kazi za kumpa mtoto hazikosekani. Kuna shamba, kuna biashara za barabarani. Kinachokosekana ni cha kusoma jioni.

Kwa nini riwaya, na kwa nini sasa?

Sekondari karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Kiswahili ndicho kinachobaki, na kina sehemu ya fasihi ambayo mwanafunzi atakutana nayo kwenye mtihani wa kidato cha nne. Huko anaulizwa kuhusu wahusika, dhamira na mafunzo ya vitabu teule.

Sasa mtoto ambaye hajawahi kumaliza riwaya hata moja akifika huko anafanya nini? Anatafuta kijitabu cha uchambuzi, anakariri majina, basi. Swali likigeuzwa kidogo tu, amekwama. Aliyezoea kusoma hadithi nzima hapati shida hiyo, maana anakumbuka alichokisoma.

Hizi hapa riwaya saba, zimepangwa kwa umri.

Miaka 10 hadi 13

1. Marimba ya Majaliwa (Edwin Semzaba). Ilitoka 2008 na imeandikwa kwa ajili ya watoto hasa. Ni hadithi ya safari yenye mambo ya ajabu, inayompitisha msomaji sehemu nyingi za Tanzania. Kama mtoto hajawahi kusoma kitabu kirefu, anzia hapa.

2. Adili na Nduguze (Shaaban Robert). Mwandishi ni mtu wa huku kwetu: alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akafariki 1962. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, na majina yenyewe yanakwambia tabia zao. Ndugu hao wanageuka manyani. Kitabu si kirefu, ila Kiswahili chake ni cha zamani kidogo. Msomee kurasa za mwanzo kwa sauti, au babu na bibi wasaidie maneno magumu. Akishazoea, atakwenda mwenyewe.

Miaka 13 hadi 15

3. Watoto wa Mama Ntilie (Emmanuel Mbogo). Peter na Zita ni watoto wa mama anayeuza chakula Dar es Salaam. Baba mlevi, pesa ya shule hakuna. Mtoto yeyote aliyewahi kumuona mama yake akiamka alfajiri kuwasha moto wa biashara atakielewa kitabu hiki bila kufafanuliwa.

4. Takadini (Ben Hanson). Hadithi ya Zimbabwe. Mama anaitwa Sekai, amekaa muda mrefu bila mtoto, akaja kujifungua mtoto mwenye ualbino. Mila za kijiji zinataka mtoto auawe. Sekai anambeba na kukimbia. Kwa nchi kama yetu, ambako watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, hiki ni kitabu cha kusoma na kuzungumzia nyumbani.

5. Siku Njema (Ken Walibora). Mwandishi ni Mkenya, lakini hadithi inaanzia Tanga. Kongowea Mswahili ni mtoto wa muimbaji taarabu, analelewa Tanga, baadaye anavuka kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Ilitoka 1996 na imesomwa sana mashuleni Kenya. Kiswahili chake kitamu, na mtoto akishaanza kukiacha ni shida.

6. Mzimu wa Watu wa Kale (Muhammed Said Abdulla). Wale wanaopenda sinema za upelelezi, wapeni hiki. Kilitoka 1960. Bwana Msa na kiko chake anachunguza kifo Zanzibar, na msomaji anabaki kubahatisha nani muuaji.

Miaka 15 na kuendelea

7. Utubora Mkulima (Shaaban Robert). Utubora anaacha kazi ya mjini na kwenda kulima kijijini. Kijana anayeona jembe ni adhabu asome hiki, halafu mbishane. Si lazima akubaliane na mwandishi.

Tahadhari kidogo

Si kila kitabu maarufu kinafaa kila umri. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, iliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya uwazi wake. Ni kitabu kizuri, lakini kisubiri mpaka awe mkubwa.

Utavipata wapi bila kuumia mfukoni?

• Maktaba ya mkoa ipo Tanga mjini. Ukiwa na safari ya huko, pita uulize masharti ya kuazima.

• Ukiwa na ndugu Dar au Tanga, anunue akutumie kwa basi. Mabasi mengi ya kaskazini yanapita Segera.

• Kabla ya kulipa, fungua na uhesabu kurasa. Nakala za kurudufu mara nyingine zinaruka kurasa, na mara nyingi ni pale hadithi ilipokolea.

• Familia tatu mkinunua kitabu kimoja kimoja na kubadilishana, kila mtoto amesoma vitatu kwa bei ya kimoja.

• Kwa wadogo ambao hawajafikia riwaya, programu ya African Storybook ina hadithi fupi za Kiswahili bure. Unazipakua mara moja, kisha anasoma hata bando likiisha.

• Kama unanunua kwa ajili ya mtihani, muulize kwanza mwalimu wa Kiswahili orodha ya sasa ya vitabu teule. Orodha hubadilika.

Utajuaje kitabu kinamfaa?

Fungua ukurasa wowote wa katikati, asome. Maneno asiyoyajua yakizidi matano, kiweke kwanza, mpe chepesi zaidi.

Na usimpe mtihani akimaliza. Wakati wa chakula cha jioni mwambie awasimulie wadogo zake alipofikia. Akianza kusimulia na wadogo wakauliza "halafu ikawaje?", jua kitabu kimeingia.