Kusawazisha Sauti: Kutoka Waya wa Simu Hadi Sikioni

Msomaji, ukivaa hedifoni za thamani kubwa ukasikia sauti ya mwimbaji imefunikwa na ngoma, au herufi “s” inakuchoma sikio kama sindano, usiyalaumu masikio yako. Bei ya chombo ni jambo moja, na ulinganifu wa sauti yake ni jambo jingine. Mwaka 2017 mtaalamu Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni zaidi ya 200, akaonyesha kuwa bei haikuwa na uhusiano na jinsi zilivyogawa sauti nene na nyembamba. Dawa ya kasoro hiyo ni kuisawazisha sauti. Walakini asili ya dawa hiyo haikuwa katika muziki hata kidogo.

Ilianza katika simu. Maneno yaliyosafiri maili nyingi katika waya yalifika yamechakaa. Sauti nene zilifika, nyembamba zikapotea njiani, hata msikilizaji asijue kama ameambiwa “saa” au “faa”. Mwingereza Oliver Heaviside, aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 16, na ambaye maradhi ya utotoni yalikuwa yamempunguzia usikivu, alionyesha kwa hesabu mwaka 1887 jinsi waya unavyoweza kutengenezwa usiharibu sauti. Aliyetajirika kwa wazo la namna hiyo ni Michael Pupin wa Marekani, aliyepata hataza mwaka 1900. Ndiyo desturi ya dunia. Baadaye wahandisi walibuni vyombo vya kutiwa mwishoni mwa waya, vikapunguza sauti zilizozidi hadi zikalingana na zilizopungua. Jina la kusawazisha lilitoka hapo: kinachotoka kiwe sawa na kilichoingia.

Wafanyaji wa santuri waliitumia hila hiyo kwa kusudi. Sauti nene huchimba mfereji mpana katika santuri, na sindano ikaweza kuruka. Kwa hiyo walizipunguza sauti nene wakati wa kuchonga, wakazizidisha nyembamba ili zishinde mkwaruzo, kisha gramafoni ikayageuza yote yarudi yalivyokuwa. Taabu ni kwamba kila kampuni ilikuwa na kipimo chake, mpaka mwaka 1954 chama cha wenye kampuni za santuri cha Marekani, RIAA, kilipoweka kipimo kimoja.

Hedifoni zilileta fumbo gumu zaidi. Nathaniel Baldwin wa Utah alizitengeneza jikoni kwake yapata mwaka 1910, akaliuzia jeshi la majini la Marekani. John Koss wa Milwaukee akazifanya za muziki mwaka 1958. Sasa fikiri. Sauti ya spika hupita chumbani, ikagonga kichwa na ndewe za masikio, ndipo ikaingia katika tundu lenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi. Tundu hilo huzidisha sauti zenye mitetemo kama 3,000 kwa sekunde, na ubongo umezoea hivyo tangu kuzaliwa. Hedifoni hukiruka chumba na kichwa. Iyafoni huziba tundu lenyewe. Chombo kitoacho sauti zote kwa nguvu moja, basi, kitasikika kimefifia! Lazima kirudishe kile ambacho njia ya kawaida ingaliongeza.

Kirudishe kiasi gani? Kuanzia mwaka 2012 Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman waliwauliza wasikilizaji wenyewe. Wengi walipenda hedifoni zilizosikika kama spika nzuri katika chumba kizuri. Na chombo cha kurekebishia kilikuwa tayari: mwaka 1972 George Massenburg alieleza kisawazishi kinachomwezesha mtu kuchagua mahali pa kurekebisha, upana wake na kiasi chake. Leo programu ya simu ya mkononi huifanya kazi hiyo.

Ukijaribu, anza kwa kupunguza kilichozidi kabla ya kuongeza kilichopungua. Kuongeza desibeli 6 mahali pamoja ni kudai nguvu mara nne pale. Usiposhusha sauti yote kwa kiasi hicho hicho, sauti itapasuka. Tena yapo yasiyosawazishika. Iyafoni isiyokaa vizuri sikioni huvujisha sauti nene, na kuiongezea nguvu ni kumimina maji katika mtungi uliotoboka. Afadhali ubadilishe mpira wake.