Papa katika Historia ya Rwanda: Somo kwa Watoto wa Gatsata

Gatsata iko kaskazini mwa Kigali, ukishavuka Nyabugogo kushika barabara ya Gatuna. Ni mtaa wa gereji na maduka ya vipuri. Mtoto wa hapo anayejiandaa kupokea komunyo ya kwanza hufundishwa kwamba Papa ni askofu wa Roma na mrithi wa Petro. Ni kweli, ila kwake Roma ni mbali mno. Mwalimu angeanzia Rwanda kwenyewe, maana cheo hicho kimeigusa nchi hii kwa neema na kwa uchungu.

Mapadre Weupe, wakiongozwa na Askofu Jean-Joseph Hirth, walifika Nyanza kwa Mfalme Yuhi V Musinga mwezi Februari 1900, wakafungua misheni ya Save. Mapadre wa kwanza Wanyarwanda walipewa daraja mwaka 1917. Kuteua maaskofu, lakini, ni kazi ya Papa, na Rwanda ilisubiri hadi 1952, Pius XII alipomteua Aloys Bigirumwami kuongoza Nyundo, Mnyarwanda wa kwanza kuwa askofu.

Septemba 1990 Yohane Paulo II alikuja mwenyewe. Tarehe 8, huko Mbare karibu na Kabgayi, aliwapa vijana upadre, mmojawao Antoine Kambanda. Haikutimia miaka minne, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Waliokimbilia makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyange waliuawa humo humo. Kambanda, aliyekuwa masomoni Roma, alipoteza karibu familia yake yote. Padri wa Nyange, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya Arusha mwaka 2008.

Hapa ndipo walimu wengi huharakisha, na hapa ndipo pa kutulia. Mwaka 1996 Yohane Paulo II aliandika kwamba waumini waliotenda dhambi hiyo wawajibike, lakini Kanisa lenyewe lisibebeshwe lawama. Tarehe 20 Machi 2017, alipompokea Rais Paul Kagame, Papa Fransisko alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi na makosa ya Kanisa na ya watu wake. Mtoto akizilinganisha kauli hizo mbili ataelewa kwamba Papa husema kwa niaba ya Kanisa zima, na kwamba anayemfuata anaweza kwenda mbele zaidi yake. Kwangu mimi, kauli ya pili ndiyo iliyowastahili wafiwa.

Novemba 2020 Kambanda, Askofu Mkuu wa Kigali, alifanywa kardinali wa kwanza wa Rwanda. Mei 2025 aliingia konklavu pamoja na wenzake, jumla yao 133, wakamchagua Leo XIV. Aliyepewa upadre kwa mikono ya Papa akawa mpiga kura wa kumpata Papa mwingine.

Makatekista wa Gatsata, wafundisheni watoto Septemba 1990, na msiache kuwafundisha Machi 2017.